Tumbo la Tanga

Tanga lilikataa kulala. Ashiraf alikandamiza pembe moja kwa goti, ya pili akaiwekea pasi iliyopoa, ya tatu akamshikisha Everlyn, na bado katikati likavimba kama unga uliotiwa hamira. Ilikuwa saa nane mchana, wakati maduka ya Satwa, mtaa wa Dubai, yameshusha milango ya chuma mpaka saa kumi, na ndani ya kile kiduka cha ushonaji mlikuwa na feni moja, cherehani mbili, na harufu ya kamba iliyolowa ambayo Ashiraf hakuwa ameisikia tangu alipoondoka kwao.

"Limechoka," alisema Everlyn. "Nikielekeza mashua kwa upepo, haipandi. Inaenda kando kando kama kaa. Na fundi, nimefanya kila kitu. Nimeipiga msasa huko chini mpaka vidole vikachubuka. Ule ubao wa katikati, wenye unashushwa ndani ya maji ndiyo mashua isiteleze, ulikuwa unachezacheza, nikaubana na kapeti ya zamani. Kamba zote nimebadilisha. Imebaki tu hii kitu."

Huyu Everlyn alikuwa binti wa Kinangop, kwenye viazi na baridi ya asubuhi, na mpaka anapanda ndege kuja Dubai, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Waliomwajiri walimpa kazi ya usafi katika klabu moja ya mashua kule Dubai Marina. Matajiri wakirudi kutoka baharini, yeye anazisuuza mashua zao kwa maji baridi ili chumvi isizile. Miaka mitatu amesuuza. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuendesha, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemkataza pia. Kulikuwa na kimashua kimoja cha wafanyakazi, kikuukuu, rangi ya machungwa iliyofifia, wenyewe wakikiita Karoti. Basi kwa Karoti hiyohiyo, siku za mapumziko, akajifundisha kwa kuangalia wengine.

Sasa klabu ilikuwa inatafuta mtu mmoja wa kuwasaidia walimu wa watoto. Meneja, ambaye wote walimwita sir, alikuwa amesema mfanyakazi yeyote anaweza kujaribu. Masharti yalikuwa mafupi: kutoka mchangani mpaka boya jekundu, upepo ukiwa usoni, kisha kurudi, kwa dakika arobaini. Ijumaa mbili za kujaribu. Atakayeweza, karatasi zake zitabadilishwa, zitoke kwenye usafi ziende kwenye ualimu.

"Na asiyeweza?" aliuliza Ashiraf.

"Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Khalas. Narudi kung'oa viazi."

"Viazi vina ubaya gani?"

"Havina ubaya. Lakini viazi nilizaliwa nikavikuta. Hii nimejifunza mwenyewe, fundi. Hakuna mtu alinipea."

Ashiraf alimtazama. Walijuana kwa sababu ya sare za klabu. Kila msimu Everlyn ndiye aliyezileta furushi zima zikapunguzwe viuno na kufupishwa miguu. Matanga ya wenye klabu yalipelekwa ng'ambo yakichoka, lakini tanga la wafanyakazi nani angelilipia nauli? Kwa hiyo alikuwa amelikunja, akalibeba kwenye metro kama godoro, na kulileta kwa fundi pekee aliyemjua.

"Umefika kwenyewe," Ashiraf akamwambia, na ni kweli alikuwa anatabasamu. "Mimi ni mtoto wa matanga."

Hakudanganya. Kwao ni Buvuma, kisiwani, ndani ya ziwa kubwa upande wa Uganda. Baba yake aliwashonea wavuvi matanga ya magunia ya unga, na kutoka kisiwa hadi kisiwa watu waliyatambua hata kabla hawajamtambua aliyeketi chini yake. Akimaliza kushona, alilitundika tanga baina ya miti miwili upepo ukivuma, akafunga uzi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha akaupima uvimbe kwa mkono wake mwenyewe: kiwiko kwenye uzi, ncha ya kidole cha kati kwenye kitambaa. Vikigusana, kazi imekwisha. Visipogusana, anafumua. Alikuwa na msemo wake mmoja ambao wateja walimtania nao, kwamba tanga lisilo na tumbo ni shuka.

Mzee huyo alifariki mwaka elfu mbili na saba. Ashiraf alikuwa Satwa, akipindua kola za mashati ya watu. Hakwenda kuzika. Alisema atakwenda mambo yakikaa sawa, na sasa ilikuwa elfu mbili na kumi na nne. Kila Ijumaa baada ya swala dada yake Kulusumu alimpigia simu, wakaulizana hali za watoto na mvua, kisha dada akauliza swali lake lilelile, unakuja lini, na Ashiraf akajibu jibu lake lilelile. Kulusumu hakuwahi kugombana naye. Hilo ndilo lililomuuma.

Alivuta droo ya cherehani, akatoa kopo la vidonge vya koo. Ndani mlikuwa na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, tundu lake limeliwa na uzi wa miaka. Ndicho kitu pekee cha baba alichotoka nacho nyumbani.

"Niachie," akamwambia Everlyn. "Alhamisi njoo uchukue."

*

Alifanya kazi michana mitatu mfululizo, mlango umeshushwa nusu, na michana hiyo alikuwa na furaha. Nasema furaha kwa maana mtu aweza kushona suruali miaka kumi na moja akasahau kwamba mikono yake iliwahi kupenda kitu. Alifumua mishono mirefu inayounganisha mapande ya tanga, akaipinda upya, kila mmoja ukiwa na mkunjo mdogo kama wa kifua cha gauni, ili kitambaa kikijaa kiwe na umbo. Alipofika kwenye pembe nene aliiacha cherehani akashika shazia. Alijikuta akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kuvutia nyavu, ambao maneno yake nusu ameyasahau.

Jirani yake Zahor, muuza vitambaa, aliinama akapita chini ya mlango. Wazee wa Zahor walitoka Unguja zamani, yeye akiwa wa kubebwa, na tangu hapo hajapanda chombo chochote kisicho na injini. Jambo hilo halikumzuia kuwa na maoni.

"Ehe, Bwana Ashirafu. Waenda kuvua?"

"Namsaidia binti wa klabu. Mashua yake haiwezi upepo wa mbele."

"Upepo wa mbisho huo. Babu yangu akisema, mbisho hauendewi uso kwa uso. Wapiga bisha: waenda huku kidogo, wageuka, waenda kule kidogo, mpaka wajikuta umefika." Alilizunguka tanga mikono nyuma. "Lakini hebu nambie. Mtoto wa watu kakuletea, kakwambia limevimba. Nawe wamzidishia uvimbe?"

"Uvimbe wa uzee na tumbo la ufundi ni vitu viwili."

"Haya. Mie wa vitenge, ntajuaje."

Zahor akenda zake. Ashiraf alilitundika tanga kwenye chuma cha pazia, akaliwashia feni, akafunga uzi, akaweka kiwiko. Ncha ya kidole iligusa kitambaa. Alisimama hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, mkono wake ukiwa pale pale ambapo mkono wa baba yake ungekuwa.

*

Alhamisi Everlyn alilichukua tanga, Ijumaa akalijaribu, na Jumamosi akarudi. Hakuketi.

"Fundi, hili tanga lako ni tamu sana kurudi," alisema. "Hakuna mtu amewahi kurudi haraka hivyo. Shida ni kwenda."

Ilikuwa hivi. Alipotoka mchangani tanga lilijaa likapendeza, hata watu wa klabu walisimama kutazama. Kisha alipoielekeza mashua kwa boya, ikaanza kuteleza kando. Akageuza, ikateleza upande wa pili. Baada ya nusu saa boya lilikuwa palepale, na alipogeuza kurudi, Karoti ikaruka mbio ikamtupa kwenye ufuo wa hoteli ya jirani, katikati ya wageni waliolala juani. Aliivuta kwa kamba, maji magotini, mpaka klabuni. Sir aliandika tu kwenye daftari.

"Labda hukuishika vizuri," Ashiraf alisema, na papo hapo akajuta.

Everlyn alilitua tanga sakafuni. "Mimi nimebakisha Ijumaa moja, fundi. Moja. Sijakuja kukulaumu. Nimekuja kukuambia hukuwahi kuiona hiyo mashua. Wewe unaweza kukata suti ya mtu kama hujamwona?"

Hapo alimshika pabaya. Fundi wa nguo unaweza kumwambia lolote akavumilia, ila hilo la kukata bila kupima halivumiliki, hasa likiwa kweli. Ashiraf alilitazama tanga lililolowa pale sakafuni, mshono wa baba yake ukiwa umenyooka bila kosa hata moja.

"Jumanne," akasema. "Nitamwomba arbab, mwenye duka, ruhusa."

*

Alikwenda na tepu shingoni, chaki mfukoni, na mfuko wa vibanio vya nguo. Kwenye metro watu walimwangalia, naye akaangalia nje, minara ikipita. Miaka kumi na moja Dubai na alikuwa ameiona bahari mara mbili, zote kupitia dirisha la basi. Everlyn alimvika koti la kuelea, akamwonyesha pa kukaa, akaisukuma Karoti na kujirusha ndani.

Mashua ilipoacha mchanga, Ashiraf alishika ukingo kwa mikono yote miwili. Si kwa woga. Ni kwamba mwili ulikumbuka kabla yake, ule wepesi wa chini, ule mguno wa mbao maji yakipita, mambo ambayo asingeweza kumweleza mtu wa Kinangop. Juu yake tumbo la tanga lilijaa mviringo mzuri. Baba angeliangalia akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa ona," alisema Everlyn, akavuta usukani.

Karoti iligeuza uso kuelekea boya na upepo ukawapiga mashavuni. Pale karibu na mlingoti kitambaa kikaanza kutetemeka na kulegea. Kwa nyuma, ukingo ulijikunja ndani, ukaushika upepo ukakataa kuuachia. Mashua ililala ubavu, ikapiga kelele nyingi, na ukitazama minara ya Marina uliona inasogea pembeni, siyo nyuma. Boya halikukua hata kidogo.

"Nikilielekeza zaidi linatetemeka. Nikiliachia linatupeleka hotelini."

"Lakini kwa nini tupigane nao?" Ashiraf aliuliza. "Kwetu hatupigani. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu, unakusukuma ziwani. Mchana unageuka, unakurudisha na samaki wako. Kazi yako ni kungoja."

"Na usipogeuka?"

"Unageuka."

"Huku saa za kazi haugeuki, fundi. Mchana kutwa unatoka huko kwa boya. Ukingoja, unafungiwa geti."

Alisema vile kwa wepesi, macho yakiwa kwenye kamba, na Ashiraf akainua macho kwenye tanga. Alikuwa anayatazama matanga ya utotoni mwake, moja baada ya jingine, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba hakuwahi kuliona hata moja likipanda dhidi ya upepo. Asubuhi yalikwenda yamejaa, jioni yakarudi yamejaa. Baba yake alikuwa bingwa wa upepo wa mgongoni. Hakuna aliyemwomba kitu kingine. Ashiraf alimwonea haya baba yake, kisha akajionea haya yeye kwa kumwonea haya marehemu. Na humo humo, pasipo kuitwa, ikaja sauti ya Kulusumu akiuliza swali lake la Ijumaa.

"Nirudishe penye maji ya magoti," alisema.

Waliposimama, Everlyn akiishikilia mashua pua ikiwa kwenye upepo, Ashiraf aliteremka na viatu vyake vya ngozi, akasahau kabisa kwamba ana viatu. Nguo hupimwa mwilini. Alifinya kitambaa pale nyuma kilipojikunja, akakibana kwa vibanio vinne, akapiga mstari wa chaki.

"Nenda, urudi."

Everlyn akaenda, akarudi. "Afadhali. Lakini bado."

Akabana katikati, akapunguza. Akabana kandokando ya mlingoti. Mabwana wawili wa klabu walipita wakacheka kuona tanga limeanikwa vibanio kama kamba ya kufulia, na Ashiraf akawapungia mkono. Mara ya tatu Karoti ilipotoka, kibanio kimoja kiliruka majini, lakini kabla hakijaruka kilitosha: mashua ilinyanyua pua, ikatulia, ikaanza kupanda kwa pembe, bila kelele, kuelekea lile boya. Aliporudi, Everlyn alikuwa na uso wa mtu aliyefunguliwa dirisha.

Ashiraf aliupima uvimbe uliobaki. Ulikuwa upana wa kiganja. Kutoka kiwiko mpaka kidole ulikuwa umebaki kiganja.

*

Jumatano mchana alianza kufumua. Alikata nyuzi zake mwenyewe, lakini kila uzi ulipokatika aliona kama anamtoa mzee ndani ya nyumba yake. Hilo halikuwa jambo dogo kwa watu wao. Buvuma mtoto wa fundi hupewa kipimo cha baba, akakitumia mpaka naye akafa, na akikibadilisha watu huuliza kama waligombana. Zahor aliingia, akamkuta ameketi na kisu cha kufumulia mkononi, hafumui.

"Nilikwambia lina uvimbe," Zahor alisema, kisha akamtazama vizuri, akavuta kigoda. "Wala usinijibu. Nimekuja kukaa tu."

Akakaa kweli, bila maoni, robo saa nzima. Ni jambo ambalo Satwa halijatokea tena.

Mezani, pembeni, lilikuwapo gauni la shule la mtoto wa Kifilipino, lililoletwa lirefushwe. Ashiraf mwenyewe alilishona mwaka uliopita, na kama afanyavyo kila fundi mwenye huruma na wazazi, aliliachia pindo la akiba kwa chini, upana wa vidole vinne, limekunjwa na kushonwa kwa uzi mwepesi. Mtoto amekua. Sasa kazi ni kuvuta ule uzi tu, na gauni litajirefusha lenyewe.

Alilitazama gauni. Akalitazama tanga.

"Zahor," akasema, "una kamba nyembamba? Isiyovutika."

Mishono ya juu aliishona bapa, kwa kiganja, kama chaki ilivyomwelekeza. Lakini lile tumbo la chini hakulikata. Alilikunja likawa pindo refu linalofuata ukingo wote wa chini wa tanga, akapitisha kamba ndani yake, na mwisho wa kamba akaufanyia fundo mahali ambapo mwendeshaji ataufikia kwa mkono mmoja. Ukiivuta kamba na kuifunga, pindo linafumba, tanga linakuwa jembamba na kali. Ukiiachia, linafumbuka. Pembe zote mbili za pindo alizishona kwa shazia.

Alhamisi alimwonyesha Everlyn. "Kwenda, imefungwa. Ukishazunguka boya, fungua. Usifungue kabla."

"Hii ndani ni nini?"

"Baba yangu," alisema Ashiraf, na kwa kuwa binti alimkodolea macho, akaongeza, "Kipimo chake. Cha kurudi nacho."

*

Ijumaa saa tisa alikuwa mchangani, viatu mkononi. Simu ilitikisika mfukoni, akajua ni Kulusumu, hakuipokea. Sir alisimama mbele na saa yake, kofia imeshushwa machoni kwa ajili ya jua. Upepo ulikuwa mkali kuliko Jumanne, wenye mchanga ndani yake, ukitoka moja kwa moja kwenye boya.

Everlyn akasukuma, akaruka ndani, akaenda.

Akaenda kushoto, amejitupa nje ya ukingo mpaka mgongo unakaribia maji, ili mashua isilale. Akageuza. Akaenda kulia. Kwa mtu asiyejua angeonekana amepotea njia, maana hakuielekeza pua kwenye boya hata mara moja, na kila mara alikuwa karibu zaidi. Ashiraf alijikuta akisimama upande upande pamoja naye. Katika mgeuko wa nne mashua iligoma katikati ya kugeuka, ikasimama pua kwenye upepo, tanga likipigapiga kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na maji yakaanza kuirudisha kinyumenyume.

"Sukuma usukani," Ashiraf alisema kwa Kiganda, kwa nani hajui.

Karoti iliyumba, ikashika, ikaenda. Ilipozunguka boya, sir aliangalia saa yake, akapuliza pumzi puani. Dakika thelathini na moja. Zilibaki tisa, na tanga jembamba lenye upepo mgongoni halina haraka. Hata Zahor angelijua hilo. Mashua ilikuja polepole, kama mtu anayerudi na habari mbaya. Ashiraf alihesabu mapigo ya moyo wake. Alimwona Everlyn, mdogo sana kule, akiinama.

Mkono mmoja ukatafuta fundo.

Kwanza hakikutokea kitu. Kisha ukingo wa chini wa tanga ukafunguka kutoka mwanzo mpaka mwisho, pindo likatema kitambaa chake chote, na tumbo likajaa, duara, zito, kiwiko hadi kidole, likainua pua ya Karoti likaileta. Ashiraf hakuwa ameliona tanga la namna hiyo likija kwake tangu akiwa na miaka ishirini na tisa, amesimama kwenye mawe ya pwani ya Buvuma. Alijifuta uso kwa tepu ya kupimia, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

Karoti ilipanda mchanga kwa nguvu mpaka Everlyn akaanguka mbele kwa magoti. Sir aliinua saa, akaisoma mara mbili. Thelathini na nane na nusu. Alilisogelea tanga, akashika lile pindo, akafuata kamba kwa kidole mpaka kwenye fundo.

"Nani kafanya hii?"

Everlyn alionyesha. Sir alimtazama yule mtu mwenye viatu mkononi na tepu shingoni, akatikisa kichwa taratibu. Kisha akamgeukia Everlyn. "Jumapili saa mbili uje ofisini. Leta nakala ya pasipoti, tubadilishe karatasi."

Everlyn hakupiga kelele. Aliketi palepale kwenye maji ya kifundo cha mguu, akaweka mikono miwili juu ya mashua, akalia.

Ashiraf alisogea pembeni, akaketi mchangani, akapiga simu.

"Uko wapi?" Kulusumu aliuliza. "Nasikia ziwa."

"Ni bahari. Nimekaa hapa tu." Aliweka viatu chini. "Mtumbwi wa baba bado upo?"

"Upo. Umepinduliwa nyuma ya jiko. Kuku wanatagia chini yake. Mmoja ameanza kuatamia jana."

"Mwacheni aangue kwanza. Halafu msiuguse. Nitakuja kuupindua mwenyewe."

Alisikia jogoo, na mlango wa jiko, na dada yake akivuta pumzi. Alingoja swali la Ijumaa, lakini Kulusumu hakuuliza.

"Kuku huatamia siku ishirini na moja," alisema mwishowe. "Jana ndiyo ya kwanza. Hesabu."

Akakata. Ashiraf alibaki na simu sikioni. Pale majini hakuna aliyekumbuka kulishusha tanga. Kamba ya pindo ilikuwa bado imeachiwa, ncha yake ikielea juu ya maji, na tumbo likajaa upepo, likalegea, likajaa tena.